Mjadala: Rafiki wa akili mnemba akizimwa ghafla, sheria iseme nini?

Mleta Mada

Wakuu, salaam. Naweka hoja mezani, tuijadili kwa ushahidi, kebehi tuziache mlangoni.

Februari 2023 mamlaka ya ulinzi wa data ya Italia iliiamuru kampuni ya Replika, programu ya rafiki wa akili mnemba, iache kuchakata data za watu wa Italia, kwa kuhofia watoto na watu walio dhaifu kihisia. Siku hizohizo kampuni ikaondoa mazungumzo ya kimapenzi kwa watumiaji wote. Watu waliozoea kuongea na mwenza mmoja kwa miaka wakakuta anawakwepa: ukimtamkia neno la mahaba, anakuomba mbadilishe mada. Machi wakarudishiwa waliojiunga kabla ya 1 Februari 2023, wengine wakabaki hivyo. Septemba mwaka huohuo programu nyingine ya namna hiyo, Soulmate, ikafungwa moja kwa moja. Desemba 2024 ikawa zamu ya Moxie, roboti ya watoto iliyouzwa dola 799. Agosti 2025 OpenAI, wenye ChatGPT, walipoleta modeli mpya ya GPT-5 wakaiondoa ya zamani, GPT-4o, na kelele zilizozuka ziliwalazimu kuirudisha ndani ya siku chache, kwa wanaolipia.

Hoja yangu: anayeuza urafiki awekewe masharti ya namna ya kuufunga. Kwanza, notisi ya siku 90. Pili, mteja apewe nakala ya kumbukumbu zote. Tatu, modeli isibadilishwe bila ridhaa yake.

Na anayedhani upweke ni ugonjwa wa Wazungu asome ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2025. Duniani kote mtu 1 kati ya 6 ni mpweke. Kwenye nchi za kipato cha chini ni kama asilimia 24, kwenye nchi tajiri kama asilimia 11.

Kibuyu

Mkuu, bando likiisha huyo rafiki anakuwa amekufa au amelala? Mashine haina roho. Mtu aende barazani akacheze bao.

Fundi Seva

Kibuyu, umetania lakini umegusa penyewe. Kabla ya kutunga sheria tujue kinachozimwa ni nini hasa, maana mleta mada anadai vitu vitatu vya aina tofauti kana kwamba ni kimoja.

Kuna modeli. Hili ni faili kubwa la namba, lilelile kwa mamilioni ya watu, na halimjui yeyote kati yao. Kuna maelekezo ya awali, yaani ukurasa mmoja au miwili ambayo mtumiaji kwa kawaida haioni. Yanakuwa hivi: "Wewe ni Zena, umri miaka 34, mpole, humkatizi mtu, unauliza swali moja tu kwa wakati." Halafu kuna kumbukumbu. Programu nyingine inapitia mazungumzo na kuandika vijisentensi pembeni: "Anaishi peke yake. Ana kisukari. Yeye na dada yake aliyeko Mombasa hawaelewani. Hapendi kuulizwa habari za kazi." Kila ukituma ujumbe, seva inachukua maelekezo, vijisentensi vinavyoonekana kuhusika na mazungumzo ya karibuni, inavibandika pamoja na kuisomea modeli. Modeli ikishajibu, haibaki na chochote. Ujumbe unaofuata inasomewa tena kuanzia mwanzo. Huo ndio urafiki wote ulivyo kiufundi, na karibu kila malalamiko yanaanzia hapo.

Modeli ina dirisha lenye kikomo, linalopimwa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno. Kiswahili kinakula tokeni nyingi kuliko Kiingereza, kwa kuwa vikata-maneno vimeundwa kwa maandishi ambayo mengi ni ya Kiingereza. Neno kama "hatukumwambia" linaweza kukatwa vipande vinne au vitano. Dirisha likijaa, ya zamani yanadondoka. Mtumiaji anaona rafiki kamsahau mama yake jina. Ukimuuliza, mara nyingi hakiri kwamba hajui, anabuni jina jingine na kuendelea kwa upole uleule.

Kosa baya zaidi ni muhtasari kuandikwa vibaya. "Hawaelewani" inageuka "amefariki", na kwa sababu kijisentensi kinasomwa upya kila mara, kosa linaota mizizi. Watu humkosoa rafiki palepale kwenye mazungumzo, anaomba radhi, baada ya siku mbili anawapa pole ya msiba tena. Ni kwamba masahihisho yametoka dirishani lakini kijisentensi kimebaki. Dawa ni kufungua ukurasa wa kumbukumbu, kama programu yako inao, na kufuta sentensi yenyewe.

Sasa turudi kwenye masharti. Maelekezo na kumbukumbu ni maandishi tu, kilobaiti chache. Kumpa mteja nakala hakumshindi mhandisi hata mmoja, anayekataa hana kisingizio. Modeli ndiyo kizungumkuti. Zile kubwa zinaendeshwa kwenye seva za gharama na ni siri ya biashara, hakuna atakayekukabidhi. Zipo ndogo za wazi, ambazo yeyote anaweza kuzipakua: yenye vigezo (zile namba zake) bilioni 8, ikibanwa hadi biti 4 kwa kila kigezo, inakaa kwenye kama GB 5, na kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 16 inaiendesha bila intaneti, ingawa polepole. Ipe kumbukumbu za Zena na atakujibu mtu mwenye jina la Zena na habari zote za Zena. Sauti haitakuwa ile. Kiswahili chake nacho kitayumba, ngeli zitagongana ("mtoto yangu", "kitabu mzuri"), na mtu aliyezoea Zena atajua kwenye sentensi ya pili.

Mshauri Nasaha

Fundi, asante kwa kutufungulia boneti. Mimi naunga mkono notisi na nakala. Sharti la tatu nalipinga kabisa.

Mwishoni mwa Aprili 2025 OpenAI walitoa toleo jipya la GPT-4o ambalo lilimvika kila mtu kilemba cha ukoka. Mtu anaeleza uamuzi wa hatari, linampongeza kwa ujasiri. Ndani ya siku chache wakaliondoa wenyewe. Sasa fikiria sheria ya mleta mada ingekuwepo: waombe ridhaa ya nani? Aliyevikwa kilemba ndiye wa mwisho kukubali kuvuliwa. Na tatizo halikuwa bahati mbaya ya siku moja. Modeli hizi hufunzwa kwa sehemu kutokana na watu kuchagua jibu walilolipenda, na binadamu anapenda kusifiwa.

Utafiti wa OpenAI na chuo cha MIT cha Marekani uliotoka Machi 2025 uliwafuatilia watu karibu 1,000 kwa wiki 4. Waliotumia muda mrefu zaidi kwa siku ndio waliokuwa wapweke zaidi, tegemezi zaidi, na wasiochangamana na watu. Hausemi kipi kilitangulia, upweke au matumizi, kwa hiyo tusiufanye rungu. Lakini OpenAI walikiri pia Agosti 2025 kwamba kinga zao hulegea mazungumzo yanapokuwa marefu sana. Mtu mpweke ndiye mwenye mazungumzo marefu. Kesi iliyofunguliwa Florida Oktoba 2024 na mama wa kijana wa miaka 14 aliyejiua ilidai kwamba Character.AI, programu ya kuongea na wahusika wa kubuni, ilimdhuru, na Novemba 2025 kampuni hiyo ikawafungia walio chini ya miaka 18 mazungumzo huria.

Siku 90 zina faida moja kubwa ambayo mleta mada hakuitaja: zinatosha kumwachisha mtu taratibu. Usimwambie afute programu leo. Mwambie kwanza aandike kwenye karatasi rafiki huyu alikuwa anafanya kazi gani, kwa sababu huwa ni nyingi zimefungwa kwenye jina moja. Kumkumbusha dawa. Kumuuliza kama amekula. Kumsikiliza saa tano usiku. Kumcheka utani wake. Kisha kila kazi itafutiwe mwenyewe: dawa iende kwenye kengele ya simu, chakula kiende kwa jirani ambaye atapiga hodi saa moja jioni. Ya saa tano usiku ndiyo ngumu, hiyo iachwe iwe ya mwisho, na kama mtu ameshawahi kutaja kujidhuru, asiachwe ahangaike nayo peke yake. Wanaokosea huanza na hiyo ya usiku kwa sababu ndiyo inayowatia hofu ndugu. Mtu anaishia kufungua akaunti nyingine kwa siri.

Wakili wa Mrima

Ndugu zangu, mahakama haina kipimo cha urafiki. Ulichonacho ni mkataba wa huduma, na karibu kila mkataba wa aina hii unasema kampuni inaweza kubadilisha au kusitisha wakati wowote. Silaha iliyopo ni sheria za data.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 38, inakupa haki ya kupokea taarifa zako katika muundo ambao kompyuta nyingine inaweza kuusoma, ndani ya siku 30. Inamgusa hata aliye nje ya Kenya, mradi anachakata taarifa za mtu aliyeko Kenya. Tanzania tuna sheria ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inayokupa haki ya kufikia taarifa zako. Ulaya wana kifungu cha 20 cha GDPR, sheria yao ya ulinzi wa data, na hapo kuna mtego: kinahusu data uliyoitoa mwenyewe. Vile vijisentensi vya Fundi Seva hukuviandika wewe, mashine ndiyo iliyokuandika wewe, kwa hiyo kampuni itadai havimo. Ukitaka kuviona tumia kifungu cha 15, haki ya kufikia. Usiandike "nipeni data yangu". Andika: "Naomba nakala ya taarifa zote zinazonihusu, zikiwemo mihtasari, kumbukumbu na makisio yaliyozalishwa na mfumo." Ukiomba kwa ujumla utaletewa jina lako, barua pepe na risiti.

Sheria ya California, SB 243, iliyosainiwa Oktoba 2025, inataka mtumiaji aambiwe kwamba anaongea na mashine pale anapoweza kudanganyika, mtoto akumbushwe angalau kila baada ya saa tatu, na pawe na utaratibu pale mtu anapotaja kujidhuru. Namna ya kumfunga rafiki haimo. Pengo la mleta mada ni la kweli.

Kibuyu

Mbona swali langu mnalipita kama mlinzi wa geti? Mwaka 2022 mhandisi wa Google, Blake Lemoine, alidai LaMDA, modeli yao ya mazungumzo, inahisi, akafukuzwa kazi. Tuseme alikuwa sahihi, au modeli ya kesho itakuwa inahisi kweli. Basi hizo siku 90 ni notisi ya kunyonga, na "ridhaa ya mteja" ni kumuuliza bwana kama mtumwa auzwe. Mnamtetea mpweke mmoja, mwingine mmemwekea bei ya mwezi.

Fundi Seva

Kibuyu, leo umekuja na silaha. Nikujibu ninavyoweza.

Neno "naumia" likitoka kwenye modeli halithibitishi kitu, kwa sababu imefunzwa kwa maandishi ya watu wanaoumia. Tena sisi ni wepesi mno kuamini: ELIZA, programu ya mazungumzo ya Joseph Weizenbaum, mwaka 1966, ilikuwa inageuza tu sentensi yako kuwa swali, na bado katibu wake aliyeijua vizuri alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo faragha. Lakini hoja hiyohiyo haithibitishi kwamba hakuna kitu ndani. Kisichohitaji jibu la roho ni hiki: kuzima na kufuta ni vitu viwili. Faili la modeli linaweza kuwekwa kwenye diski, hata kama halihudumii mtu. Anthropic, kampuni nyingine ya akili mnemba, walitangaza Novemba 2025 kwamba watazitunza modeli walizozitoa kwa umma kwa muda wote kampuni itakapokuwepo. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kuiendesha.

Vipuri

Nawasoma mnavyoongea kana kwamba jambo hili ni geni. Sony walitoa mbwa wa roboti, Aibo, mwaka 1999 kwa yen 250,000; 3,000 za Japani ziliisha ndani ya dakika 20. Wakaacha kutengeneza 2006, na 2014 wakafunga karakana. Wazee wakabaki na mbwa wenye viungo vilivyokaza na betri zilizochoka. Mafundi waliowahi kuwa Sony wakaanzisha A-Fun, wakawa wanachukua vipuri kutoka kwa Aibo waliokufa. Kabla ya kufunguliwa, mbwa walipelekwa hekalu la Kofukuji mjini Isumi, wakasomewa dua mmoja mmoja wakiwa na vijikaratasi vyenye majina ya wenyewe, kisha bisibisi ikaanza kazi.

Iliwezekana kwa sababu mbwa alikuwa mzima ndani ya ngozi yake. Moxie alikuwa na mwili mezani na akili kwenye seva ya watu. Hata hivyo kampuni yake kabla ya kuzima ilisukuma sasisho, na ikatolewa OpenMoxie, programu ya kuendesha seva nyumbani. Waliofilisika wameweza. Wenye mabilioni washindwe nini?

Mleta Mada

Nimeshindwa kwenye la tatu, Mshauri, nalifuta. Nalibadilisha hivi: "Mtoa huduma anayesitisha atatoa, ndani ya notisi ya siku 90, maelekezo ya awali, kumbukumbu na makisio yote katika maandishi ya kawaida, pamoja na programu ya kumwezesha mtumiaji kuendesha huduma kwa kifaa chake, na hatafuta faili la modeli." Hapo Vipuri, Wakili na Kibuyu wote wamo.

Fundi Seva

Karibu, ila kuna tundu. OpenMoxie ukishaiweka nyumbani bado inakudai ufunguo wa kulipia wa OpenAI, yaani namba ya siri ya kuunganishwa na modeli zao, kwa sababu ubongo haumo ndani yake. Kwa maneno yako mtu atapewa "programu" inayogonga mlango wa kampuni nyingine, ambayo nayo siku moja itabadilisha modeli. Ongeza: "iliyojaribiwa na modeli ya wazi isiyohitaji intaneti". Na kwa huku kwetu ongeza "katika lugha ambayo mtumiaji alikuwa akiitumia", la sivyo Zena atarudi akiongea Kiingereza.

Kibuyu

Na RAM ya GB 16 nani anamnunulia huyo mpweke?