Wastaafu wa mtaani kwetu tunakutana misibani tu. Tuanzishe kikundi cha namna gani?

Mwalimu_Segerea

Habari za leo ndugu zangu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Segerea. Mtaa wetu umejaa wastaafu: walimu, manesi, watu wa bandari, wa benki, wa magereza. Wengi tulinunua viwanja enzi zile huku bado ni mikorosho, tukajenga kidogo kidogo, na sasa watoto wameshaondoka, tumebaki na vyumba vitupu.

Kikundi cha kufa na kuzikana tunacho, na kinafanya kazi yake vizuri sana. Mtu akifariki, turubai linafika, viti vinafika, masufuria yanafika, rambirambi inasomwa. Lakini juzi tumemzika jirani yetu, na pale msibani tukaambiwa alikuwa hatoki nje kwa muda mrefu kwa sababu ya miguu. Uwanja ulijaa watu waliokuja kumzika. Alipokuwa hai alihitaji wawili tu wa kumgongea mlango. Limeniuma mno.

Nataka tuanzishe kikundi cha kukutana tukiwa hai. Baadhi ya wenzangu wanasema bila hela ya kukopeshana hakuna atakayekuja. Wengine wanasema wanaume hawatakuja kabisa. Na wapo wanaouguza waume au wake zao ndani, hao hata kwenda sokoni ni shida. Waliokwisha kuwa na kikundi cha hivi naomba waniambie kinaendaje.

Nesi_Kijichi

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi, na kama tu rika moja basi habari za nyumbani. Poleni kwa msiba.

Mimi ni muuguzi mstaafu, niko Kijichi, na kikundi kama hicho tunacho. Tunakutana Jumatano saa tatu asubuhi. Siku hiyo ilitafutwa kwa makini: Ijumaa wenzetu wana swala, Jumamosi asubuhi Wakatoliki wako jumuiya na Wasabato wako kanisani, Jumapili makanisa mengine, na misiba ndiyo inamaliza wikiendi iliyobaki. Saa tatu jua bado halijawa kali, na wanafunzi wameshaingia madarasani, kwa hiyo daladala na bajaji zinapandika.

Kabla hujafikiria katiba ya kikundi, kaangalie choo cha mahali mtakapokutania. Sisi tulipewa ukumbi mdogo wa ofisi ya serikali ya mtaa, na choo chake ni cha kuchuchumaa. Nikaanza kuona akina mama hawagusi chai wala maji. Nilipowauliza mmoja mmoja, wakaniambia magoti hayawaruhusu kuchuchumaa na kuinuka, hivyo wanakaa na kiu tangu asubuhi wasije wakahitaji kwenda. Mtu mwenye presha na sukari kukaa na kiu kwenye joto la Dar! Tukamwita fundi seremala akatengeneza kiti cha mbao chenye tundu katikati, kinakaa juu ya lile shimo, na ukutani akapigilia bomba la kushikia. Kuanzia hapo watu wanakunywa chai, na mazungumzo yakawa marefu.

Jambo la pili ni daftari la mahudhurio, na hili ndilo roho ya kikundi. Wewe mwalimu utalielewa haraka. Kila mtu ana ukurasa wake: jina, nyumba ilipo, simu ya ndugu wa karibu, dawa anazotumia, tarehe yake ya kliniki. Asipoonekana mara mbili mfululizo bila taarifa, wawili wanatumwa nyumbani kwake. Wasiende watano wenye vitenge vya sare, atadhani amekufa mtu. Wawili tu, na papai au ndizi mkononi. Huko majumbani ndiko tulikojua ya kweli. Mzee mmoja aliacha kuja, tukadhani amekasirika. Kumbe masikio yamepungua nguvu. Alikuwa anaona watu wanacheka hajui wanacheka nini, akaona aibu. Sasa anakaa kiti cha mbele karibu na msemaji, na aliye pembeni yake anamrudia maneno taratibu. Mwingine alikuwa na mtoto wa jicho, anaogopa kuvuka barabara. Alisindikizwa hospitali, akafanyiwa upasuaji, siku hizi anasoma gazeti.

Presha tunapimana, ila kwa utaratibu. Mtu akae dakika tano ameegemea kiti, nyayo zote mbili chini, mkono umepumzika usawa wa moyo, asiongee. Ukimpima aliyetoka kushuka bajaji sasa hivi utamtia hofu bure. Akiendelea kusoma 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti, aende kituo cha afya. Na ni marufuku kuazimana dawa! Nalisema kila mara, maana bado wapo wanaogawiana vidonge vya presha kama pipi.

Kuhusu hela: tunachanga 1,000 ya chai, viazi vitamu na matunda, basi. Asiye nayo anakunywa chai vilevile. Nimeona vikundi vya wazee vilivyoanza kwa kukopeshana. Mwenye deni anaanza kukwepa, anapita njia nyingine, na mara nyingi mwenye deni ndiye mwenye shida, yaani ndiye hasa aliyekuwa anahitaji wenzake. Usiruhusu kikundi chako kimfukuze mtu wa namna hiyo.

Sasa wanaouguza. Hao usiwaite ukumbini, wafuate. Sisi tunao wachache, na tunakutana kwa mmoja wao kwa zamu. Yupo mama ambaye mumewe alipata kiharusi, upande mmoja haufanyi kazi. Kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgandamizo, usiku na mchana, ni kazi ya wodini yenye zamu tatu, na yeye anaifanya peke yake. Nimewafundisha kutumia shuka kumvuta mgonjwa badala ya kumbeba kwa kiuno, na kukagua visigino, nyonga na mgongoni kila asubuhi. Lakini nadhani kinachomsaidia zaidi ni ile Alhamisi ambayo mwenzetu mmoja anakwenda kukaa na mgonjwa, mama anatoka. Siku ya kwanza alikwenda kusuka. Alirudi na nywele mpya, mumewe akamtazama akatabasamu kwa ule upande unaofanya kazi.

Yupo pia anayemuuguza mume anayesahau. Anaamka saa nane usiku anavaa viatu, anataka kuwahi zamu ya kazi aliyostaafu zamani. Majirani walishaanza kusema amerogwa. Tulikaa na familia nikawaeleza kwamba huo ni ugonjwa wa ubongo, una kliniki yake, na kwamba kubishana naye kunamzidishia hofu. Mkewe sasa anamwambia, "Zamu yako ni ya mchana leo, pumzika kwanza." Analala. Maneno yale tuliyapata kwa mwenzetu mwingine ambaye mama yake alikuwa na hali hiyohiyo. Kikundi cha wauguzaji kinafaa kwa hilo hasa: mmoja ameshapita njia, anamwonyesha anayekuja nyuma. Yanayosemwa pale hayatoki nje, na aliyeshindwa kutunza siri tulimwomba apumzike.

Mzee_wa_Kete

Mwalimu, nikujibu la wanaume. Ukituita kwenye "kikao cha kuelezana matatizo", mimi mwenyewe siji. Weka bao. Bao la kete halisi, mashimo 32, kete 64, chini ya mwembe au barazani. Na drafti moja kwa wasiojua bao, vizibo vya soda vinatosha. Weka na kahawa.

Mwanaume aliyekuwa mkuu wa kitengo miaka yote, watu wanamsimamia akiingia, akistaafu haitwi tena popote. Nyumbani anajikuta njiani kwa kila mtu. Huyu hawezi kumtazama mtu usoni akasema nimeelemewa. Lakini akiwa anahesabu kete macho yako kwenye shimo, anasema. Pale kwetu Temeke mtu alicheza zamu yake vizuri kabisa, halafu huku ameinama akasema kiinua mgongo kimekwisha na mama watoto hajui. Hakuna aliyeinua kichwa. Mchezo ukaendelea, na tulipomaliza wawili wakatembea naye hadi kwake wakizungumza namna ya kumweleza mama.

Halafu wape kazi. Mmoja ashike funguo, mwingine ahesabu viti, mwingine awasaidie wenzake kujihakiki pensheni kwenye simu. Mwenye kazi Jumatano haachi kuja.

Binti_Kinyerezi

Shikamooni wazee wangu. Mimi nafanya kazi za maendeleo ya jamii, niongeze machache upande wa serikali.

Kukutana, kunywa chai na kutembeleana hakuna ugumu, toeni tu taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa na mjitambulishe kwa baraza la wazee. Mkianza kuweka na kukopeshana, hapo mnaingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, daraja la nne, na lazima msajiliwe kupitia halmashauri. Ile mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani imegawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wazee hawana fungu lao, na mimi naona hilo ni pengo kubwa, kwa sababu Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003. Semeni hayo hadharani kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, viongozi wakiwa wamekaa mbele.

Mwalimu_Segerea

Marahaba binti yangu. Ahsanteni wote, nimesoma jibu la Nesi nikaenda kukagua choo cha ofisi ya mtaa mchana huohuo. Ni cha kuchuchumaa, na kina ngazi mbili za kupanda bila pa kushika.

Dada Nesi, nina swali moja lililobaki. Kile kikundi cha kufa na kuzikana tukivunje kiingie humu, au tukiache?

Nesi_Kijichi

Kiacheni kama kilivyo, watu wameshakiamini na michango yao iko mle. Mwombe katibu wake orodha ya wanachama wenye miaka 60 na kuendelea, maana majina na simu anazo tayari. Anzeni na wale ambao hamjawaona muda mrefu, muende wawili wawili.

Zile ngazi fundi aziwekee bomba la kushikia pande zote mbili, maana aliyepata kiharusi huenda ana mkono mmoja tu wenye nguvu, na bomba lililo upande wa mkono huo anapopanda linakuwa upande mwingine anaposhuka. Kiti kiwe na kimo cha sentimita 45 hivi. Kikiwa kifupi magoti yatagoma kuinuka. Mbao apige msasa vizuri kisha apake rangi ya mafuta, iwe rahisi kufuta kwa maji ya sabuni.