Tupeane uzoefu: ulipunguzaje makorokoro ndani ya apatimenti, na wikiendi yako sasa inaendaje?

MpangajiWaJuu (Kijitonyama, Dar)

Wadau, habari za Jumapili.

Leo naomba tuongelee vitu vya ndani. Wengi wetu tumehamia hizi apatimenti za vyumba viwili tukiwa na vitu vya nyumba ya vyumba vinne. Vingine tumeachiwa, vingine tumezawadiwa, vingine hata hatukumbuki vilikujaje. Jumamosi inaisha unahamisha makorokoro toka kona hii kwenda kona ile ili upate pa kupiga deki. Changanya na kufua, msiba na kikao cha harusi, Jumatatu inakukuta hujapumzika. Watu husema hawatoki wikiendi kwa sababu hela hamna. Kwangu hela haijaongezeka hata shilingi, ila sakafu ilipoanza kuonekana, Jumamosi nayo ikaonekana.

Tulianza na uvungu wa kitanda, mimi na mume wangu. Jamani! Maboksi ya TV na ya blenda, yametunzwa eti tukija kuhama. Chupa ya chai ya kichen pati bado ina stika ya bei. Sare za harusi za watu ambao wengine wameshaachana. Halafu mifuko. Tangu ile ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, kila ukienda sokoni unarudi na huu mwingine wa kitambaa, na hakuna anayethubutu kuutupa maana umelipiwa. Tukavuta mfuko mmoja, umejaa mifuko, na ndani yake mmoja umejaa mifuko.

Tukakubaliana kuwa neno "tutupe" lisisikike. Swali ni "nani atakitumia?" Kama jina halipatikani hapohapo, kitu kinakaa mlangoni, na kikikaa mlangoni lazima kitapata mwenyewe, mlinzi wetu shahidi. TV ya chogo na pasi zilizoungua alichukua kijana wa chuma chakavu, wale wanaopita na kipaza sauti, "friji bovu, feni mbovu, pasi mbovu, tunanunuaaa". Akaigeuza TV, akaigonga mgongoni, akasema, "Hii dada elfu tatu." Nikamwambia hiyo ilinunuliwa laki tatu. "Sawa dada, lakini hiyo ya laki tatu ilikuwa na picha." Nikampa.

Sasa Jumamosi saa tatu asubuhi tumeshamaliza usafi. Mwezi huu tumempeleka mtoto Kijiji cha Makumbusho, hapahapa Kijitonyama, tunapapita kila siku tukiwa ndani ya daladala bila kugeuza shingo. Zile nyumba za asili za makabila, ya Kihaya ile ya msonge, mtoto alizunguka kila moja akitafuta choo kiko wapi. Maji ya kunywa tulibeba wenyewe, chakula tulikula nyumbani.

Haya, lete yako: ulitoa nini, ulimpa nani, na Jumamosi yako ikoje. Ushauri wa kwenye video tunao wa kutosha, leta kilichokutokea.

DadaWaTabata

Asante kwa mada, umenigusa kwenye kabati la vyombo.

Kabati langu alininunulia mama mkwe tulipooana. Vioo mbele, vikombe vya maua, sahani zenye ukingo wa dhahabu, bilauri ambazo mdomo wa binadamu haujawahi kuzigusa. Vyombo vya wageni. Sisi wenyewe tunakulia sahani za plastiki zilizopauka, zina alama za visu. Kabati limekula nusu ya ukuta wa sebule na kila Jumamosi nafuta vumbi vyombo visivyoliwa.

Kulitoa bila kumwambia ningekuwa nimetangaza vita. Nikasubiri akaja kutoka Tanga. Siku ya pili nikapakua pilau kwenye zile za dhahabu, na ya watoto pia. Akaangalia, akanyamaza, akala. Baadaye nikamwendea chumbani nikamwambia, "Mama, naomba ruhusa yako. Hivi vyombo nataka tuvitumie, na vinavyozidi naomba unisaidie pa kuvipeleka, maana vinavunjikia kabatini." Akaniuliza, "Kabati nalo?" Nikasema, "Nalo mama, kama utaridhia."

Kumbe kikundi chao cha vikoba huko Tanga wanakodisha vyombo kwenye shughuli, na walikuwa wanatafuta sahani za kuongeza! Aliondoka na sahani na bilauri zimefungwa kwenye kanga zangu (kanga hazijarudi, nimesamehe). Kabati lilikwenda na kirikuu kwa mdogo wa mume wangu aliyetoka kuoa, kwa hiyo bado liko kwenye ukoo na hakuna aliyenuna.

Plastiki zote nimetoa, tunakulia za dhahabu kila siku, mbili zimevunjika na maisha yanaendelea. Jumapili jioni tunashuka Coco, mihogo ya kukaanga na kachumbari na pilipili, watoto wanakimbizana na mawimbi, saa moja tuko nyumbani.

MzeeWaMadumu

Mnaongea vizuri lakini mimi madumu yangu siyatoi. Nina madumu, ndoo za rangi, pipa na deli la buluu kule korido, mke wangu anayaita maonyesho. Mwisho wa 2022 Mto Ruvu ulivyopungua maji na mgao ukaanza mjini, hao hao majirani wenye nyumba zinazong'aa walikuja kugonga kwangu na mabeseni. Hali kadhalika jiko la mkaa: gesi huisha saa mbili usiku ukiwa na maharage nusu.

Kwa hiyo kila mtu ajue anaishi wapi. Video za huko Ulaya mtu anatoa ndoo zote anabaki na glasi, maana bomba lake halimsaliti.

Nilichotoa mimi ni makochi. Ile seti kubwa ya watu saba ndani ya sebule ya hatua nne. Kuingia iliingia kabla milango ya ndani haijawekwa, kutoka ikagoma. Fundi seremala akaja akang'oa miguu na mgongo, tukaishusha ngazi vipande vipande. Sasa tuna kochi moja na mkeka. Wajukuu wakija Jumamosi wanalala chini wanachora, mimi na jirani tunacheza drafti mlangoni. Siendi popote na sidaiwi nauli. Limebaki godoro la wageni, la futi nne kwa sita, halina shida yoyote, anayelihitaji aseme.

KejaRoysambu (Nairobi)

Niaje wadau, mimi ni wa Nairobi, bedsitter. Huku kitanda, jiko na kabati vyote vinaonana, kwa hivyo ukiongeza kitu kimoja wewe ndio unahama.

Shida yangu ilikuwa nguo. Kazi yangu iko karibu na Gikomba, soko la mitumba, na unajua bale ikifunguliwa asubuhi zile kamera (nguo za daraja la kwanza) zinaanguka, nzuri kabisa, halafu bei ikishuka jioni unasikia "hamsini, hamsini, chagua". Hamsini si pesa, unabeba. Nilikuwa na majaketi ya baridi ya Ulaya ilhali Nairobi baridi kali ni Julai tu.

Nilichofanya: niliweka zote kitandani, kisha nikakataa kulala mpaka kitanda kiwe wazi. Nzuri nikaziuzia wanafunzi wa hosteli ya karibu kwa status ya simu, bei ileile niliyonunua. Zingine nilipeana kanisani. Sheria yangu sasa ni kwamba nikipita Gikomba sina mkoba mkubwa.

Wikiendi ni Karura. Naingilia geti la Kiambu Road, natembea mpaka kwenye maporomoko, nakula chapati na ndengu nilizobeba, narudi. Ukifika pale kumbuka kwamba msitu ule ulikuwa umeanza kugawanywa viwanja, na Wangari Maathai na wenzake walipigwa kwa kuutetea mwaka 1999. Sasa ni wa kila mtu mwenye raba na chupa ya maji.

MwambaoMuscat

Assalaam aleikum. Mie niko Muscat, asili yetu Unguja. Huku wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi, na fleti zetu zina maradhi hayohayo, tena ya kwetu yana kontena.

Desturi yetu kila kilichozidi tunasema "kitakwenda Zanzibar". Mazulia, mapazia, vikombe, seti za sufuria, midoli. Vinakaa chumba cha wageni mpaka vijae mzigo, ndipo vinapelekwa kwenye meli. Kwa hiyo huku nyumba imejaa vya kusafirisha, na kule shangazi nyumba imejaa vilivyosafirishwa. Mwaka jana akanipigia: "Mwanangu, Mungu akubariki, lakini vikombe basi. Hata jini akija na jamaa zake watapata chai." Nikamuuliza anahitaji nini khasa. Akasema taa za kuchaji na miwani ya kusomea. Vyote viwili viliingia kwenye begi la mkono la mtu aliyekuwa anasafiri.

Basi sasa naanza kwa kumpigia simu, ndipo nanunua. Vilivyokuwa chumba cha wageni nimevitoa kwa wafanyakazi wa jengo letu, wengine wanatoka Bangladeshi, walichagua wenyewe na wakasafirisha kwao. Nacho chumba kimekuwa chumba, binti yangu anasomea humo.

Ijumaa baada ya swala ni biriani kwa mama, hilo halijabadilika na halitabadilika. Kilichobadilika ni jioni. Zamani tulikuwa tukishindia maduka makubwa kwa sababu ya joto, na ukiingia dukani hutoki mikono mitupu. Siku hizi tunasubiri jua lizame, tunakwenda Mutrah kutembea kandoni mwa bahari, chai ya karaki mkononi. Majahazi yanaonekana, watoto wanahesabu taa za milimani.

FundiChereheni_Mbezi

Nisaidie kwenye sare za harusi maana mimi ndiye ninayezishona na ndiye ninaletewa zikishaanza kuwa mzigo. Kitenge cha sare kikiwa na yadi za kutosha kinatoa foronya nne au aproni mbili na kitambaa cha meza. Gauni la lesi lenyewe lipeleke kwa anayekodisha nguo, usikate, lesi ikikatwa vibaya inafumuka yote. Na vitambaa ambavyo havijashonwa, vile mnaviweka "nitashona Idi", vileteni kabla ya Idi tafadhali, siku mbili kabla sipokei.

KaratasiTu

Mimi niko kwenye makaratasi. Risiti za LUKU (umeme) za miaka zilizokuwa kwenye droo zimefifia zimekuwa nyeupe kabisa, maana karatasi zile za mashine huchapwa kwa joto na wino haumo. Nilikuwa natunza karatasi tupu! Za kweli zimebaki kwenye faili moja: mkataba wa pango, vyeti, TIN, bima, hati za shamba. Risiti ya kitu chenye dhamana naipiga picha siku ileile.

Droo ilipobaki wazi nikapata nauli iliyosahaulika ndani ya bahasha ya mchango, nikajipa Jumamosi moja ya treni ya SGR kwenda Morogoro. Elfu kumi na tatu daraja la kawaida, chini ya saa mbili uko stesheni. Nilitembea soko la pale, nikanunua ndizi na viungo, nikakaa nikiangalia Uluguru, jioni nikarudi. Mke wangu ananiuliza umeleta nini, nikamwambia ndizi. Akasema afadhali, zinaliwa zikaisha.

MpangajiWaJuu

@DadaWaTabata hiyo ya kumuomba ruhusa mama mkwe nimeichukua kama ilivyo, mimi nina la mama mzazi: mashine ya kusagia karanga, kubwa, haifanyi kazi, na haruhusu iguswe. @MzeeWaMadumu umenishinda kwenye maji, madumu mawili narudisha ndani.

DadaWaTabata

Mashine iachie shoga yangu. Kuna vitu si vyako hata kama viko kwako. Iwekee kitambaa juu uiite meza.

KejaRoysambu (Nairobi)

Meza ya karanga 😂

KijanaWaSinza

Shikamoo mzee @MzeeWaMadumu. Lile godoro bado lipo? Nimehamia Sinza wiki hii, nalala kwenye mkeka.

MzeeWaMadumu

Marahaba kijana. Lipo. Njoo Jumamosi kabla ya saa kumi, uje na kamba na mwenzio mmoja, ngazi zetu ni nyembamba. Hela usilete. Na kama huna ndoo ya maji sema, moja nitakupa, nyingine siwezi.