Tupeane uzoefu: pedi za bure shuleni, wewe ulizipataje?

Mama Tunu
Binti yangu yuko kidato cha kwanza, shule ya kata. Jana kaniambia pedi zipo, tena bure, ila zinakaa stoo na funguo anayo mwalimu wa kiume. Haendi ng'o. Nikakumbuka enzi zetu za kufunga sweta kiunoni jua likiwaka. Mliosoma shule za serikali, tiririkeni.

Kigoli_Tanga
Afadhali stoo. Kwetu kulikuwa na daftari: jina, darasa, tarehe, sahihi. Kiranja wa zamu analisoma kama gazeti.

Nasra K
Mmenitonesha kidonda. Darasa la saba, wafadhili wamekuja na maboksi, tukapangwa paredi shule nzima. Mgeni rasmi, kamera, kila kitu. Mwalimu wa nidhamu akashika kipaza sauti: "Wasichana mlioanza, kulia. Ambao bado, kushoto." Wavulana wote macho kodo. Mimi nilishaanza, na siku hiyo hiyo nilikuwa nazo, nimejifunga kipande cha khanga kwa uzi. Nikakimbilia kushoto. Shoga yangu akanivuta mkono, "we si umeanza!" Katika kuvutana uzi ukakatika. Kitambaa kikadondoka pale pale kwenye mchanga, mbele ya mgeni rasmi. Yeye kaganda na pakiti mkononi, anasubiri kupigwa picha. Mwalimu wa darasa la pili, mama mtu mzima, akavua mtandio wake akanifunga, akaniondoa bila kusema neno. Wavulana wakanibatiza Bendera mpaka tunamaliza shule. Na pakiti sikupata. Si nilikuwa upande wa kushoto.

Chausiku
Bendera 😭 Pole mdogo wangu.

Mpiga Debe
Huyo mwalimu wa nidhamu bado anafundisha?

Nasra K
Kastaafu. Nilimkuta msibani, akaniomba nimpakulie wali. Hanikumbuki.

Chausiku
Ungempakulia ukoko.

Mzee wa Kaunta
Poleni, ila tuseme ukweli. Madawati hayatoshi, serikali ikanunue pedi? 2018 waliondoa VAT, bei ikabaki vile vile, 2019 wakairudisha. Na wavulana watapewa nini?

Kigoli_Tanga
Wewe darasani ulivuja lini? Kodi ikifutwa anayefaidi ni mwenye duka. Ndiyo maana tunasema mtoto apewe mkononi.

Omwana wa Kakamega
Huku Kenya sheria tunayo tangu 2017: msichana wa shule ya umma aliyebaleghe apewe sodo bure, za kutosha, na mahali salama pa kuzitupa. Kwenye karatasi ni tamu. Shuleni kwetu zilikuja muhula mmoja, uliofuata kimya, halafu zikarudi na mwanasiasa na wapiga picha wake. Na kama seneta mzima, Gloria Orwoba, alitolewa ukumbini Februari 2023 kwa sababu ya doa kwenye suruali, wa darasa la sita atajitetea vipi?

Bi Saumu Glasgow
Huku Scotland zinawekwa chooni shuleni, sheria ilianza kutumika Agosti 2022. Wangu anachukua anaondoka. Hakuna wa kumuuliza.

Mpiga Debe
Bongo ukiziacha chooni hazifiki saa nne.

Bi Saumu Glasgow
Kwani zinaliwa?

Mpiga Debe
Sisi tulitandika ndani ya raba za mpira. Zinanyonya jasho balaa 😂

Chausiku
Kumbe wezi wenyewe mko humu!

Mwl. wa Zamu
Mama Tunu, omba funguo akabidhiwe matroni.

Kigoli_Tanga
Matroni wetu alikuwa akiziuza. Mnunulie vitambaa vya kufua, vinadumu.

Nasra K
Afulie wapi? Choo cha shule hakina maji wala komeo. Na nyumbani ataanika chini ya godoro kama tulivyofanya, vikae na unyevu mpaka vimuwashe. Vitambaa ni vizuri kwa mwenye maji na kamba ya juani.

Mwl. wa Zamu
Kuna jingine halisemwi. Tuligawa pakiti, binti mmoja akanirudishia. Hana chupi. Ataibandika kwenye nini?

Mzee wa Kaunta
Haya, sasa na chupi serikali inunue?

Chausiku
Ndiyo. Na sabuni.

Mama Tunu
Na komeo la choo, mzee. Andika hapo.