Daktari aliyesimamisha risasi darajani: alipata ruhusa kwa nani?

Zamu_ya_Usiku
Wakuu, habari za humu. Mimi ni muuguzi. Jumapili nilishuka kwa miguu kutoka kijiji cha Vossenack, magharibi mwa Ujerumani, hadi mto Kall. Njia nyembamba, upande huu mlima, upande ule korongo. Novemba 1944 vifaru vya Wamarekani vilipita humo humo, minyororo ikichomoka. Nilitegemea kukuta mto wa maana, kumbe kijito! Ila kwenye daraja lake la mawe pana sanamu ya mchongaji Michael Pohlmann, iliyowekwa 2004, jina lake "Wakati wa Kuponya".

Inamkumbuka Kapteni Günter Stüttgen, daktari wa kikosi cha Kijerumani. Kati ya tarehe 7 na 12 Novemba alielewana na Wamarekani wasitishe risasi, zaidi ya mara moja, na majeruhi wa pande zote wakatibiwa na kubebwa. Alikuwa na miaka 25.

Sasa swali langu ni la kikazi. Mimi kubadilisha dozi tu lazima daktari aandike. Huyu alisimamisha vita. Aliandikiwa na nani?

Wakili_Msomaji
Dada, ruhusa ilikuwepo kwenye maandishi. Mkataba wa Geneva wa 1929 kuhusu majeruhi na wagonjwa, kifungu cha 3, unataka mapigano yasitishwe mahali husika ili majeruhi waliolala katikati ya mistari ya mapigano waondolewe. Ujerumani na Marekani zote zilikuwa zimeuridhia. Lakini soma maneno yake: "kila hali itakaporuhusu". Nani anasema hali imeruhusu? Jenerali yuko mbali na ramani yake. Anayesikia mtu analia ni wa kule bondeni.

Kaka_Mgumu
Sawa, ila tusipake asali. Jeshi hilo lilikuwa la Hitler. Hapo juu Vossenack, kwenye makaburi ya kijeshi, amelazwa hata Field Marshal Walter Model, mmoja wa majenerali wakubwa wa Hitler. Daktari mmoja mwema hasafishi jeshi zima.

Zamu_ya_Usiku
Kaka, hakuna aliyesema analisafisha. Mimi nawaza yule wa kwenye machela. Wahudumu wa Kimarekani walikuwa na kituo cha huduma ya kwanza kandokando ya njia ile ile, kibanda cha magogo kilichochimbiwa ardhini, Novemba, baridi ya kule. Aliyetoka damu tangu asubuhi hakuulizi sare. Na asante Wakili, hiyo "hali itakaporuhusu" imenikaa kichwani. Kazini tunaijua vizuri: usipoamua wewe, hairuhusu kamwe.

Mzee_wa_Ramani
Binti, ukirudi huko fika na makaburi ya Hürtgen, si mbali. Kuna jiwe la kumbukumbu ya Luteni Friedrich Lengfeld, naye Mjerumani. Tarehe 12 Novemba 1944, siku hizo hizo, Mmarekani aliyejeruhiwa alikuwa akiomba msaada ndani ya uwanja wa mabomu ya ardhini. Kwa simulizi ya tarishi wake, Lengfeld aliwaamuru vijana wake wasiwapige wahudumu wa Kimarekani wakija kumchukua. Saa zikapita, hawakuja. Akaenda mwenyewe, akakanyaga bomu, akafa jioni. Jiwe liliwekwa 1994 na maveterani wa Kimarekani. Kaka Mgumu, hapo unasemaje?

Kaka_Mgumu
Hapo nanyamaza, mzee. Jeshi bado silisamehi.

Zamu_ya_Usiku
Shikamoo mzee, sikuwa na habari zake. Nina siku mbili za mapumziko mwisho wa mwezi, nitapita. Kingine nilichokisoma baada ya kurudi: Stüttgen baadaye alikuwa profesa wa magonjwa ya ngozi, Berlin. Alifariki 2003, sanamu ikawekwa mwaka uliofuata. Hakuwahi kuiona.