Sheria ya misitu inamkaba mwenye gunia la mkaa, mwenye shamba anapeta?

Mtundu wa Kusini
Wakuu, hili tulijadili bila ushabiki. Nipo kamati ya maliasili ya kijiji na Sheria ya Misitu ya Tanzania, Na. 14 ya 2002, nimeisoma mpaka kurasa zimelegea. Inakiruhusu kijiji kutenga hifadhi yake ya msitu, kuvuna kwa mpango na kubaki na mapato. Safi kabisa.

Sasa njoo barabarani. Kijana ana baiskeli na magunia mawili ya mkaa, yamejazwa lumbesa, kibali hana, mzigo unaishia kwenye geti la maliasili. Jioni hiyohiyo moshi unafuka ng'ambo ya mto: kuna mtu kafyeka msitu wa miombo apande ufuta, mninga unaungulia palepale ulipoangukia, hata ubao mmoja hautoki. Huyo sijaona akiulizwa kibali wala mrabaha. Anaitwa mkulima hodari!

Takwimu za serikali zinataja karibu hekta 470,000 za misitu zinazopotea kila mwaka. Kwa nini sisi kila tukishtuka tunaukimbilia mkaa?

Kaka Tanuri
Kwa sababu gunia lina geti, shamba lina wapiga kura. Mwaka 2006 mkaa ulipigwa marufuku, bei ikapaa, marufuku haikudumu.

Mama Nishati
Msiuvishe mkaa kilemba cha ukoka. Mara nyingi mchoma mkaa ndiye anayetangulia, jembe linafuata nyuma yake. Ndiyo maana taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilitakiwa kuachana na kuni na mkaa mwaka 2024, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mjini wakiacha kununua, tanuri atalichoma nani?

Fundi Miombo
Someni ya Kilosa, kule Morogoro, kwanza. Kuna vijiji viligawa msitu vitalu vya mita 50 kwa 50, unavuna kimoja unaruka kinachofuata, kama ubao wa drafti. Visiki vinaachwa vichipue, mzunguko miaka 24. Kibali kinatoka kijijini na ada inabaki kijijini. Huyo mwenye baiskeli kule angekuwa na karatasi yake mfukoni.

Mtundu wa Kusini
Mama Nishati, la mjini nakubali. Ila ufuta haupikiwi, unauzwa. Gesi ifike kila jiko, bei ya ufuta ikipanda watu watafyeka tu. Na mchoma mkaa akiacha kisiki, mvua zikinyesha kinachipua. Mwenye shamba anakichoma kisiki kila msimu mpaka kife. Karibu nusu ya misitu yetu ipo kwenye ardhi ya vijiji, kwa hiyo mimi ningeanzia hapo: anayetaka shamba jipya ndani ya msitu apite mkutano mkuu wa kijiji, miti ihesabiwe, ailipie kama anavyolipia mwenye gunia.

Kaka Tanuri
Sawa mkuu. Na kwenye huo mkutano, wewe utamnyooshea mkono wa hapana mjomba wako?

Mtundu wa Kusini
Mjomba ndiye mwenyekiti. Tuanzie hapo.