Canon SX50 HS ya mtumba kwa kupiga ndege: nichukue au niache?

Kijana_wa_Tengeru
Wakuu, habari za humu. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Najifunza kazi ya kuongoza watalii hapa Arusha, hasa wale wanaokuja kuangalia ndege, na muda mwingi nashinda Ziwa Duluti. Simu yangu hata mdiria akitua mti wa jirani, kwenye picha anatoka kidoa tu. Kuna jamaa anauza Canon PowerShot SX50 HS iliyotumika, anataka laki tatu na nusu pamoja na betri moja na chaja. Inavuta mara 50. Ila ni kamera ya 2012, megapikseli 12 tu, waifai haina. DSLR, zile kamera kubwa za kubadilisha lenzi, pamoja na lenzi ndefu siziwezi kwa sasa. Mnasemaje?

Fundi_Lenzi
Mkuu, megapikseli zisikutishe, 12 unaprinti A4 safi kabisa. Shida ipo kwenye sensa, kile kibapa cha ndani kinachopokea mwanga. Upana wake ni kama milimita 6, wakati zile kamera kubwa za kikazi zina 36. Halafu ukivuta mpaka mwisho, sawa na lenzi ya milimita 1200, mwanga unabanwa hadi f/6.5 (namba ya f ikipanda, mwanga unaoingia unapungua). Kwa hiyo ukiwa ukingoni mwa ziwa na jua limetoka, furukombe aliyetua juu ya mti utampata mpaka manyoya ya shingo. Ingia chini ya ile miti saa kumi na mbili na nusu asubuhi uone: ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, inapanda, picha inajaa chenga. Mimi kwa sensa za namna hii sivuki ISO 800. Afadhali hii inapiga RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, chenga utazipunguza baadaye kwenye kompyuta. Nikon P900 ya 2015 inavuta mara 83 lakini RAW haina.

BabaChozi
Mimi nasema aiache. Kile kitundu cha kuchungulia ni kama unatazama TV ya chogo. Ndege akiruka, mpaka fokasi ishike yeye kashafika Moshi! Tafuta Panasonic FZ200, nayo ya 2012. Inaishia milimita 600, lakini ni f/2.8 mwanzo hadi mwisho. Zote zikivutwa mpaka mwisho, hiyo inapitisha mwanga zaidi ya mara tano ya SX50. Msituni ndiyo yenyewe.

Kijana_wa_Tengeru
FZ200 nimeitafuta mjini, sijaiona, mzee. Na milimita 600 kwa ndege aliye ng'ambo ya ziwa si bado atakuwa mdogo?

Wa_Naivasha
Atakuwa mdogo, ndio. Mimi nilianza na SX50 huku Kenya, na wa kurukaruka kweli nilikuwa nawakosa, lakini waliotulia niliwapata vizuri. Pembeni ya lenzi kuna kitufe: ukimpoteza ndege unakibonyeza, zumu inarudi nyuma, unamtafuta, ukiachia inarudi pale ulipokuwa. Kwa milimita 1200 bila hicho ungetafuta tawi moja mpaka ndege aondoke. Mchana wa jua kali usijisumbue na vya mbali, joto linapanda juu ya maji na picha inatetemeka, kamera yoyote ile. Kuhusu waifai, nunua kisoma kadi cha kuchomeka kwenye simu, bei yake ndogo tu.

Fundi_Lenzi
Nyongeza. Vuta na urudishe zumu mara kadhaa huku umetega sikio. Ikikwaruza kama ina mchanga, rudisha hela mfukoni. Kisha piga picha ukuta mweupe, zumu mwisho, f/8. Vidoa vikitokea palepale kila picha, vumbi limeingia ndani, na lenzi hii haichomoki, mpaka mwili wote ufunguliwe. Usikubali kuoneshwa picha zake za zamani. Nenda na kadi yako.

Kijana_wa_Tengeru
Nashukuru sana wakuu. Jamaa kashuka hadi laki mbili na themanini, tunaonana Jumamosi.

BabaChozi
Basi kama umeshaamua, mbili na nusu, usipande. Na akupe mkanda na kifuniko cha lenzi, asije akakwambia vinauzwa kivyake. Betri ya pili itafute mapema, ni NB-10L.