Tupeane uzoefu: uligunduaje kwamba hujijui?

Fundi_Kilombero
Wakuu, nina kiduka cha vipuri vya pikipiki karibu na soko la Kilombero, Arusha. Miaka yote nimejihesabu mtu mpole. Mwaka jana kijana wangu wa dukani aliacha kazi, akaniaga hivi: "Bosi, wewe nitakukumbuka, ila sauti yako hapana." Nikacheka. Usiku usingizi ukagoma.

Nikanunua daftari. Kila nikifoka naandika saa, nimemfokea nani, na nini kilitangulia. Wiki ya kwanza nilijaza visingizio tu: petroli imepanda, mteja king'ang'anizi, mvua. Baada ya wiki sita nikasoma tangu mwanzo. Nilifoka mara 23, na mara 17 kati ya hizo nilikuwa nimeulizwa jambo la hela mbele ya watu. Njaa haimo, uchovu haumo. Kwetu Kibosho, mtoto kumuuliza baba hela imeenda wapi ilikuwa kujitafutia fimbo. Kumbe nimekua nikiamini kuwa kuulizwa ni kudharauliwa, na hakuna siku nilikaa nikakubali kuamini hivyo. Bado nafoka, sidanganyi, ila siku hizi naisikia hasira ikipanda shingoni kabla haijafika mdomoni.

Leteni visa vyenu. Ushauri bakini nao.

Mgumu_wa_Marangu
Mangi, mimi nabeba mizigo Kilimanjaro. Getini mzigo unapimwa, kilo 20 mwisho. Kila jioni tunawasihi wageni waseme ukweli, maana hewa nyepesi ya juu huumiza: kichwa kinauma? umekula? umetapika? Basi safari moja, kambi ya juu ya Kibo, kichwa changu kilikuwa kinapasuka na nikanyamaza. Nilipepesuka mpaka mpishi akanishika mkono: "Wewe ungekuwa mgeni tungeshakuteremsha." Nikateremshwa usiku huohuo hadi kambi ya chini, Horombo, na asubuhi nilikuwa mzima.

Nilichojifunza si habari ya mlima. Hata mke wangu alinikumbusha kuwa jino lilinitesa miezi minne nikidai ni baridi. Ninajua dalili zote, nawafundisha wengine, ila moyoni naamini mwanaume kuumwa ni kujidekeza.

Binti_Sakina
Mimi nilijaza maswali ya tabia kwenye simu, nikaambiwa "unapenda watu lakini wakati mwingine unahitaji upweke". Nikasema hee, wamenijuaje!

Mwalimu_mstaafu
Binti yangu, pole. Mwaka 1948 huko Marekani, mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Walipoombwa wayapime kwa alama 0 hadi 5, wastani ulikuwa 4.26. Karatasi zote zilikuwa na maneno yaleyale, mengi kayatoa kwenye kitabu cha nyota.

Na kuna Dirisha la Johari, mchoro wa kumsaidia mtu kujijua. Msidhani ni johari yetu ya vito, ni Joseph Luft na Harrington Ingham, 1955, waliounganisha Joe na Harry. Lina vyumba vinne: unachokijua na wenzako wanakijua, unachowaficha, kisichojulikana na yeyote, na kile ambacho wenzako wanakiona ila wewe hukioni. Kijana wa duka na mpishi wa mlimani wote walikuwa wanachungulia hicho cha mwisho.

Mama_Memorial
Shikamoo mwalimu. Mimi nauza mitumba Memorial, Moshi. Nilijiita mkarimu kwa sababu nakopesha. Desemba watu wanaporudi nyumbani ndiyo usiseme, mabegi yanaondoka kwa "nitakutumia, mama". Mdogo wangu akanitega: "Dada, yule kiziwi anayeuza ndizi umewahi kumkopesha?" Sijawahi. Nakopesha wenye mdomo, wanaoweza kunisifu au kunisema vibaya kanisani. Iliniuma kuliko hela zenyewe. Ukarimu gani huo unaochagua mashahidi?

Sijaacha kukopesha. Ila kabla ya kuandika jina najiuliza, huyu angekuwa hana mdomo ningempa?

Fundi_Kilombero
Mama, hilo la mashahidi limenipata na mimi. Mwalimu, asante, nimekwenda chumba cha nne: leo mchana nimempigia yule kijana, nikamwomba anitajie yote aliyoyaona kwa miaka mitatu, na nikamwahidi sitamkatiza.

Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Bosi, salio lako linatosha?"